Je, Ni Haki Kumkataa Mtu kwa Shaka?



Kijana mmoja, ambaye hajapitisha miaka mingi tangu aingie katika dini na sasa ni mwanafunzi wa chuo ninachofundisha huku ugenini, alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri akiwa na barua mkononi. Majuma machache kabla ya hapo alikuwa amekwenda kutoa damu kwa ajili ya wagonjwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani, naye alifurahi mno kupata nafasi ya kumtumikia mtu asiyemjua wala asiyetazamia malipo kwake. Barua ile ilimshukuru, kisha ikamweleza kwamba kipimo cha kwanza cha damu yake kilionyesha dalili ya virusi vya homa ya ini ya aina ya C; kwamba kipimo cha pili, kilicho cha uhakika zaidi, hakikuona ugonjwa; na kwamba pamoja na hayo yote damu yake haitatumiwa, na anaombwa asitoe tena mpaka atakapoarifiwa.

"Sheikh," aliniambia, "umetufundisha kwamba dini imetukataza kudhaniana vibaya, na kwamba mtu hahukumiwi ila kwa ushahidi. Watu hawa wenyewe wameandika kuwa sina ugonjwa. Mbona basi wananikataa? Je, hii siyo dhuluma?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu niliona kwamba swali lake halikuwa dogo. Tena halikuwa lake peke yake. Ni swali lililowagawanya waganga na viongozi wa nchi kubwa kwa miaka mingi, na watu wengi waliumia wakati wakubwa hao wakibishana. Nimeona yafaa niwaandikie wasomaji wetu yale niliyomjibu hatimaye, hasa wale ambao bado wanaitafuta njia na wanataka kujua kama dini ina neno la kusema juu ya mambo kama haya.

UGONJWA USIO NA JINA

Kwanza yafaa tuyajue mambo yenyewe yalivyokuwa.

Upasuaji mkubwa wa moyo ulipoenea, wagonjwa walianza kuongezewa damu nyingi, pengine kutoka kwa watu kumi au zaidi kwa mgonjwa mmoja. Majuma kadhaa baadaye baadhi yao waliugua ini. Huko Bethesda, Marekani, katika hospitali ya Taasisi za Taifa za Afya, Daktari Harvey Alter na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliopasuliwa moyo, wakaona kwamba kabla ya mwaka 1970 karibu watu 30 katika kila 100 walipatwa na homa ya ini. Sehemu kubwa ya damu hiyo ilikuwa imenunuliwa kwa watu waliouza damu zao kwa shida ya fedha. Hospitali ile ilipoacha damu ya kununua na kutegemea ile iliyotolewa bure, na kipimo cha virusi vya aina ya B kilipoanza kutumika, hesabu hiyo ilishuka hadi karibu watu 10 katika 100.

Walakini hao kumi walibaki. Ni nini kilichowadhuru? Mwaka 1973 virusi vya aina ya A vilionekana kwa mara ya kwanza kwa darubini yenye nguvu, na mwaka 1975 wataalamu walitangaza kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawakuwa na aina ya A wala ya B. Basi ugonjwa ukaitwa "isiyo A wala B", yaani ukapewa jina kwa lile ambalo silo, maana lile ambalo ndilo halikujulikana. Virusi vyenyewe havikugunduliwa mpaka mwaka 1989, na Michael Houghton na wenzake. Mwaka 1990 kipimo chake kikaanza kutumika katika benki za damu za Marekani.

Hivyo, kwa miaka kumi na mitano watu walijua ya kwamba sumu imo katika baadhi ya chupa za damu, lakini hawakuwa na njia ya kuijua chupa yenyewe.

DALILI YA MVUA NI MAWINGU

Je, hapakuwa na njia yoyote? Hapo ndipo swali letu linapozaliwa.

Ndani ya chembe za ini kuna kimeng'enya kiitwacho ALT. Chembe za ini zinapojeruhiwa, kimeng'enya hiki huvuja na kuingia katika damu, na kiasi chake chaweza kupimwa kwa urahisi. Damu yenye ALT nyingi ni habari ya kwamba ini lina dhara fulani. Haituambii dhara lenyewe ni lipi. Mtu mwenye mafuta mengi katika ini, au mnywaji wa pombe, au anayemeza dawa fulani, au hata aliyefanya kazi nzito ya viungo siku iliyotangulia, aweza kuonekana na ALT nyingi bila ya kuwa na virusi vyovyote. Na kinyume chake, wako waliobeba virusi ilhali ALT yao ni ya kawaida.

Wahenga wetu walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima ajua ya kwamba yako mawingu yasiyonyesha, na iko mvua ya ghafula.

Mwaka 1981 matokeo ya uchunguzi mwingi yalichapishwa Marekani. Uchunguzi mmoja ulifanywa katika miji kadhaa, na mwingine katika hospitali ile ya Bethesda. Yote mawili yalionyesha kwamba mgonjwa aliyepewa damu yenye ALT nyingi alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua ini. Wataalamu walikadiria ya kuwa kama damu hiyo ingewekwa kando, labda wagonjwa 3 au 4 katika kila 10 waliokuwa wakiambukizwa wangeokoka, na hasara ingekuwa kuwapoteza watoaji kati ya mmoja na watatu katika kila 100.

Pamoja na hayo kipimo hakikuanza mwaka huo. Benki za damu za Marekani zilikikubali miaka mitano baadaye, yaani kuanzia mwaka 1986. Kanada haikukifanya kuwa sharti la nchi nzima, wala Uingereza haikufanya hivyo.

HOJA ZA WALIOKATAA

Siyo insafu kuwadhania waliokataa kwamba wote walikuwa watu wasiojali. Walikuwa na hoja, nasi twapaswa kuzisikiliza.

Kwanza, walisema kwamba wengi wa watoaji watakaokataliwa hawana kosa wala ugonjwa, nao watarudi nyumbani na hofu ambayo hakuna mganga awezaye kuiondoa, maana hakuna awezaye kuwaambia kwa hakika kama ni wazima.

Pili, walisema kwamba damu yenyewe ni haba. Ukimkataa mtoaji leo, yupo mama atakayevuja damu kesho katika uzazi naye asipate chupa. Ukosefu wa damu nao huua, tena huua upesi kuliko homa ya ini.

Tatu, walisema kwamba ugonjwa wenyewe ni mwepesi, kwa kuwa wengi wa walioambukizwa hawakuonekana wakiumwa.

Nne, walitaka uhakika. Walisema haijathibitishwa kwa jaribio kamili kwamba kipimo kitaokoa watu wengi kama inavyokadiriwa.

Hoja ya tatu ilibomoka yenyewe. Leo yajulikana kwamba karibu watu 7 katika kila 10 wanaoambukizwa aina ya C hubaki na virusi mwilini, na kwamba baada ya miaka 20 hivi kati ya watu 15 na 30 katika kila 100 wa hao maini yao huwa yamekuwa magumu kwa makovu. Ukimya wa ugonjwa haukuwa wepesi wake. Ama hoja ya nne, ina haki ndani yake: hata baada ya kipimo kuanza, haikuwa rahisi kujua ni sehemu gani ya nafuu iliyotokana nacho, kwa sababu wakati uleule watoaji walikuwa wakichujwa kwa ajili ya UKIMWI. Lakini je, mtu akingoja uhakika, ni nani anayelipa gharama ya kungoja kwake? Hilo ndilo swali la maadili, nalo halijibiwi na maabara.

HUKUMU NI KITU KIMOJA, AMANA NI KITU KINGINE

Hapa ndipo nilipomrudia yule kijana. Nilimwambia: Umechanganya mambo mawili ambayo dini na akili zote mbili zimeyatenga.

Jambo la kwanza ni hukumu juu ya mtu. Nikisema fulani ni mwizi, au ni mwongo, nimemwondolea heshima yake, na heshima ya mtu hainyang'anywi kwa dhana. Hapo ushahidi wahitajika, tena ushahidi ulio wazi. Na maadamu haupo, mtu hubaki msafi.

Jambo la pili ni ulinzi wa amana. Mgonjwa aliyelala juu ya meza ya upasuaji hajui anatiwa nini mishipani. Hawezi kuuliza, hawezi kuchagua, wala hawezi kukimbia. Ameyaweka maisha yake mikononi mwa watu wengine. Mwenye kushika amana haambiwi angoje mpaka ithibitike kwamba nyumba inaungua. Akinuka moshi humpasa kuitoa amana nje. Kama moshi ulikuwa wa jikoni tu, amepoteza taabu kidogo. Kama ulikuwa wa moto, ameokoa mali ya watu. Wanazuoni wetu wa sheria wana kanuni maarufu ya kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na maana yake ni hii hii.

Kwa hiyo shaka ileile isiyotosha kumhukumu mtu yaweza kutosha kuilinda amana. Waliokuandikia barua hawakusema kuwa wewe ni mbaya, wala hawakusema kuwa u mgonjwa. Wamesema tu kwamba hawana haki ya kumbebesha mtu mwingine, asiyejua lolote, shaka iliyobaki juu ya chupa hii. Chupa imekataliwa, wewe hukukataliwa.

Tena pima gharama zenyewe. Mtoaji aliyekataliwa amekosa nafasi ya kutenda wema mmoja, na milango mingine ya wema iko wazi mbele yake. Mgonjwa aliyetiwa damu yenye virusi, mzigo wake ameubeba peke yake kwa miaka. Waliokuwa wakibishana katika mikutano hawakuwa miongoni mwa waliokuwa wamelala mezani. Yafaa kila mwenye madaraka akumbuke hili: ni vyepesi kuwa mvumilivu juu ya hatari inayomkabili mwingine.

SHAKA NAYO INA MIPAKA

Walakini mtu asitoke hapa akadhani kwamba shaka imepewa ufalme. Lau tungetenda kwa kila shaka, tusingetia damu hata chupa moja, na wagonjwa wangekufa. Hoja ya pili ya wale waliokataa ilikuwa ya kweli, na jibu lake ni kipimo cha uadilifu. Naona kwamba anayetenda kwa shaka ana masharti matatu.

La kwanza, apime pande zote mbili kwa mizani moja. Dalili isiwe ya kubuni, iwe imeonekana kwa uchunguzi kwamba kweli yafuatana na madhara. Na hasara ya kujikinga isiwe kubwa kuliko hatari yenyewe. Kuwapoteza watoaji wawili katika mia ni jambo lenye kuzibika kwa kuwahimiza wengine. Ini lililoharibika halizibiki hivyo.

La pili, amwambie ukweli yule aliyekataliwa, kwa upole na bila ya kumwaibisha, wala asiitangaze habari yake. Ukimnyamazia utamtia hofu, na ukitangaza habari yake utakuwa umeigeuza shaka kuwa hukumu.

La tatu, asiridhike na shaka bali azidi kuitafuta elimu, na elimu ikija aiachie shaka iende zake. Hili lilitendeka. Kipimo cha virusi vyenyewe kilipokwisha kuboreshwa, mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwezi wa Januari 1995 ulishauri kwamba upimaji wa ALT kwa watoaji damu uachwe, maana haukuongeza tena ulinzi na uliwafukuza watu wazima bure. Taa hutumika usiku, asubuhi huzimwa. Asiyeitumia usiku kwa sababu haifanani na jua amekosea, na anayeiwasha mchana kwa mazoea naye amekosea.

MSTARI ULIOCHORWA KATI YA WAGONJWA

Katika mambo yote haya, la Kanada ndilo linalonisikitisha zaidi.

Huko tume iliyoongozwa na Jaji Horace Krever iliuchunguza msiba wa damu na kutoa taarifa yake mwezi wa Novemba 1997. Jaji alishauri kwamba watu waliodhurika kwa damu walipwe fidia bila ya kuulizwa ni kosa la nani. Lakini mwezi wa Machi 1998 serikali zilitangaza kwamba zitawalipa wale tu walioambukizwa aina ya C kati ya tarehe 1 Januari 1986 na tarehe 1 Julai 1990. Kwa nini tarehe hizo? Kwa sababu mwaka 1986 ndipo jirani, Marekani, walipoanza kuitumia ile dalili ya ALT, na mwaka 1990 ndipo kipimo chenyewe kilipopatikana. Aliyeambukizwa mwezi wa Desemba 1985 aliambiwa kwamba wakati wake hapakuwa na la kufanywa.

Tazama, ndugu msomaji. Dalili ileile iliyosemwa kuwa ni dhaifu mno kuwalinda wagonjwa, sasa ilionekana kuwa na nguvu za kutosha kuwatenga. Wagonjwa wawili wenye ini la namna moja, maumivu ya namna moja na watoto wanaowategemea, mmoja akapokea na mwingine akaachwa, kwa tofauti ya siku chache za kalenda. Watu wengi hawakuridhika, na mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo ikakubali kuwalipa nao walioachwa nje ya mstari ule. Miaka minane ilikuwa imepita, na baadhi yao hawakuwapo tena kupokea.

Kosa hapo lilikuwa la kuchanganya mambo mawili, kama alivyochanganya kijana wetu. Sheria huuliza: Nani alijua, na alijua lini? Hilo ni swali la haki la kumhoji mwenye kosa. Lakini rehema haiulizi hivyo. Rehema huuliza: Nani anaumia? Mwenye njaa hapewi chakula kwa kuangalia kwanza kama njaa yake ingeweza kuzuilika.

Na huko Uingereza, ambako kipimo cha virusi hakikuanza mpaka Septemba 1991, taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Brian Langstaff ilitolewa tarehe 20 Mei 2024. Ilieleza ya kwamba zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini, au vyote viwili, kwa njia ya damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu. Waathirika walikuwa wameingoja kauli hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

AMANA YA MTOAJI

Nimesema juu ya wakubwa. Sasa niseme juu yetu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mara nyingi damu huombwa kwa jamaa wa mgonjwa. Mjomba yuko wodini, ukoo umekusanyika, na kijana anaambiwa aende akatoe. Muuguzi humwuliza maswali: Umepata kuugua manjano? Umepata kujidunga sindano? Naye, kwa kuona haya mbele ya wazee au kwa kuogopa kuitwa mchoyo, hujibu hapana, ilhali anajua vingine. Huyu amedhani kwamba anatoa zawadi, kumbe amevunja amana. Vipimo vipo, na Shirika la Afya Duniani linataka kila chupa ipimwe UKIMWI, kaswende, na homa ya ini ya B na ya C. Walakini hakuna kipimo kisichokosea kamwe, na ulimi mkweli wa mtoaji ni mlinzi wa kwanza aliye mbele ya vipimo vyote. Kusema "mimi leo sifai kutoa" nako ni kumpa mgonjwa uhai.

Wala mtu asiogope kupimwa. Aliyekutwa na virusi hivi hakutenda dhambi kwa kuvibeba bila kujua. Na leo, tofauti na miaka ile, ziko dawa za kumeza zinazowaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100 kwa muda wa majuma 8 au 12 hivi. Chanjo yake haijapatikana, lakini ujinga ndio unaoua zaidi sasa, maana wengi hawajui kama wanao.

Nilipomaliza maneno haya, yule kijana alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Basi, Sheikh, nia yangu imepotea bure?" Nikamwambia kwamba nia haipimwi maabara, na Yule aliyeiona hakuikataa.

Tangu siku ile amekuwa akiwapeleka wenzake kutoa damu. Wao huingia ndani, naye hukaa nje akiwashikia vitabu vyao mpaka watoke.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu katika hukumu zetu, waangalifu katika amana zetu, na wepesi wa huruma kwa kila anayeumia, awe upande wowote wa mstari uliochorwa na wanadamu. Amin.